Artikli ya Sita

Kapata, 11 Julai 1976

Yaya Mbayo, dada yangu,

Sasa hivi tu mutoto alipanda ku magoti yangu, akapiga kalamu na mukono, na wino ikamwangika. Njo ile doa unaona ku karatasi ya pili, chini ya sheria ya tano. Usimukasirikie. Iko na miezi kumi na ine, meno sita, na kichwa nguvu sawa ile ya shakena yake, bwana yako aliyemupa jina. Nikimuita "Mukalay!" anageuka kama chifu, ananiangalia, tena anarudia ile ile nilimukataza.

Ku bahasha niliandika Sitwayene Mbayo, sawa vile serikali inapenda. Lakini humu ndani wee uko Agnès yangu ya fwaye, ile shule ya bamama, na mi niko Henriette yako. Serikali ilikatala majina yetu ya ubatizo, haikukatala benchi yetu. Unakumbuka? Wee unasoma na kidole chini ya mustari, mamasere, sista mwalimu wetu, anapita nyuma, na mi nakusukuma na kiwiko: "Usiruke, yaya, usiruke."

Sasa maneno yenyewe. Jana bwana yangu Muamba alirudi kutoka kazi ku Mashamba na karatasi ya Komite ya Serkle, kilabu ya bavuvi. Balibadirisha sheria ya mashindano! Unajua vile ilikuwa hii miaka mbili: muvuvi mumoja wa ziwa na mutumishi mumoja wa kompanyi ya mugodi mu bwato moja, na samaki yao yote inapimwa pamoja. Bwana yangu ni muntu wa Kasai, fundi wa makamyo, hajui hata kufunga ndobo, ile ndoana, ku kamba, lakini kwa kilo za Tata Mukalay mwaka jana tulikuwa ba pili. Sasa balikata. Bwato inabaki moja, lakini bavuvi ba ziwa banapimwa peke yao, bantu ba kompanyi peke yao. Wa kwanza wa bavuvi anapata motere ya bwato. Wa kwanza wa kompanyi anapata masini ya kushona, ile ya miguu. Iko mu kioo ya Serkle, nyeusi, na maua ya zahabu ku shingo. Nilienda kuiangalia mara tatu na mutoto ku mugongo. Mara ya tatu mulinzi akaniuliza, "Mama, hii masini unataka kuioa?"

Nikiipata nitashona nikikaa mu nyumba yangu, mutoto chini ya macho yangu. Hapana kusema ninaota.

Karatasi iko mu Kifaransa. Komite ilisema kila muntu wa kompanyi amujulishe muvuvi wake. Muamba akasema, "Mianda, wee njo unaandikiaka Mbayo, andika." Basi nimekuandikia yote ku karatasi ya pili: kuondoka na filimbi saa kumi na mbili ya asubuhi, hapana nyavu, ndobo tu, kila muntu kitunga yake, hapana pombe mu bwato, mwangalizi wa Komite anakaa katikati. Kisha doa. Kisha samaki isiyofika shubiri irudishwe mu mayi, kurudi saa tisa, na atakayechelewa hapimwi. Ni ile nane. Usomee Tata Mukalay polepole.

Muambie shakena yake anatembea sasa. Hatua ine, anaanguka, anacheka.

Mudogo yako,
Henriette (Mianda)


Nzilo, kambi ya bavuvi, 20 Julai 1976

Henriette,

Barua ilifika. Mama Bilonda, ule muchuuzi wa samaki, aliileta mu blauzi yake, ju kitunga yake ya biashara ingeinukisha samaki.

Nilisoma mbele ya Mukalay. Bavuvi batatu balikuya kusikia, bakakaa ku mabwato yao. Nilisoma na kidole. Sikukwama hata mara moja, ila pa doa. Pale nilisema, "Hapa ni mutoto," na bote bakacheka. Mukalay akajipiga kifua: "Shakena yangu anaandika tayari!" Ile neno yenu ya Kasai sasa kambi yote inaisema. Na yee bado hajaizoea. Anaambia bantu: "Muamba nilimuvuta mu mayi kwa kola ya shati, dakika moja tu. Balinilipa na mutoto muzima mwenye jina yangu."

Kisha kusoma akabageukia bale batatu: "Nyinyi munangojea katekiste siku ya Mungu. Mi gazeti yangu inalala ku kitanda yangu." Niliona haya. Lakini, mudogo yangu, usiku mzima nilikuwa na furaha sawa mutoto wa kipaimara.

Motere anaiota. Bega ya kuume inamukatala, asubuhi kafi haiinuki mpaka nimukande na mawese ya moto. Asema, "Motere yangu, masini ya mama wa shakena. Muamba nitamuonyesha pahali kambale zinalala." Na ile desturi yake unaijua: samaki ya kwanza ya siku haiingiaka mu kitunga yake. Ni ya mutoto. Hata siku ya kazi anaitenga, anamupa Bilonda aikuletee. Nilimuuliza siku moja, na ikiwa ni moja tu ulipata? Akasema, "Basi shakena atakula, na mi nitaangalia."

Barua yako nimeikunja mu Biblia. Karatasi zengine zote hapa zinakufa ku moto wa kukausha samaki.

Yaya yako,
Mbayo


Kolwezi, 12 Agosti 1976
Serkle ya Bavuvi, Komite ya Mashindano

Kwa Sitwayen Mukalay, muvuvi, Nzilo.
Kopi kwa Sitwayen Muamba, Kapata.

Sitwayen,

Katika mashindano ya Jumapili tarehe 8 Agosti, mwangalizi wa bwato namba saba ameandika kwamba samaki ya kwanza uliyoivua, kambale, uliiweka kwa mkono wako katika kitunga cha mwenzako. Artikli ya sita ya sheria mpya inakataza. Mtoaji anaondolewa kwa miaka miwili. Mpokeaji anapoteza samaki aliyopewa tu.

Kwa sababu hiyo kilo zako arobaini na moja, ijapokuwa zilizidi za wavuvi wote, hazikuhesabiwa. Sitwayen Muamba anabaki wa kwanza wa watumishi kwa samaki alizovua mwenyewe.

Mshindani anayeweza kuonyesha kwamba sheria haikumfikia nzima, aiandikie Komite kabla ya tarehe 30 Septemba. Motere haitatolewa kwa mtu hadi siku hiyo. Baada yake jambo limefungwa.

Kabeya, sekretere


Nzilo, 18 Agosti 1976

Henriette,

Nakuandikia nimejificha nyuma ya tanuru ya samaki. Utaona mwandiko yangu inapinda, ni moshi na ni macho.

Muamba amekuelezea ya mu bwato, lakini mi nikuambie vile nilisikia kwa Mukalay. Ile kambale ya kwanza aliinyanyua juu, akaonyesha mwangalizi mwenyewe: "Ona, Tata, hii ya shakena yangu!" na akaiweka mu kitunga ya Muamba. Muamba akasema, "Tata, acha, weka kwako." Mukalay akacheka: "Sasa unanifundisha kulisha shakena?" Mwangalizi akaandika. Kutoka saa moja mpaka saa tisa hakumuonya, alikula mukate wake.

Mi nilikuwa ku mizani na bamama bengine. Balipima ya Mukalay, tukaimba. Kilo makumi ine na moja! Nilikuwa nimekwisha kuvua kitambaa ya kichwa nikicheza nayo. Kabeya akafungua karatasi, akasoma. Kisha muntu mumoja nyuma akapiga kelele, "Ee mukarimu, utarudi na kafi yako!" na bantu bakacheka. Mwingine akasema mwizi. Mukalay alikuwa anaangalia mikono yake.

Sasa sikia ile inanikula. Kabeya alisema artikli ziko tisa. Mi nilisoma nane. Mukalay akanigeukia mbele ya bote. Hakunipiga. Alisema neno moja: "Uliruka."

Tulipofika nyumbani nilitoa barua yako mu Biblia, nikaisoma na kidole, mara tatu. Nane. Nikamuambia, ona, nane. Akasema, "Karatasi hainijui. Wee njo unaijua."

Nikafikiri siku tano. Henriette, nafikiri artikli moja uliikumbuka nyuma, ukaiongeza ku karatasi ya tatu. Ile siku Bilonda alinipa barua nikiwa nawasha moto, upepo ilikuwa mingi, mikono yangu na mafuta. Nafikiri ile ya tatu ilianguka mu karatasi za kuwashia, na nikaisukuma chini ya kuni. Mwanzo sikukumbuka. Sasa naiona hata rangi yake, naona pembe yake inajikunja. Mi njo nilichoma artikli ya sita. Jana nilipiga magoti nikamuambia Mukalay vile. Akasema, "Asante kwa kusema," akaenda ku ziwa bila kula.

Nisamehe, mudogo yangu. Ulijisumbua kuandika yote, na mutoto ku magoti, na mi nikaitia moto. Muambie Muamba asitukasirikie. Na masini ikuletee baraka, nasema na roho nyeupe.

Mbayo


Kapata, 27 Agosti 1976

Yaya,

Mutoto alijua tayari pedale ya masini. Anaikalia na matako mbili, anasukuma, na gurudumu inazunguka bure, njo ile kelele ananipigia sasa.

Barua yako niliisoma nikisimama, kisha nikakaa chini. Usijisumbue sana na maneno ya karatasi. Karatasi zinapoteaka. Hata mi napotezaka bitu mingi humu nyumbani, juzi nilitafuta mukasi na nilikuwa naushika. Usipige magoti tena, yaya, nakuomba. Haifai.

Muamba iko muzuri. Masini haiangaliaki. Aliiweka pembeni na akarudia kazi. Anafikiri Tata Mukalay alijua ile artikli na akatoa tu kwa mapendo, anaambia bantu ba Kapata, "Mwenye roho sawa ile sijamuona." Nikimusikia akisema vile natoka kwenda kuchota mayi, hata ndoo ikiwa imejaa.

Nakutumia blauzi. Ni ya kwanza nilishona na masini. Nilikumbuka mabega yako tu, kama inakubana uniambie. Maua ya rangi ya njano, ju ulipendaka njano kwa mamasere.

Bega ya Tata iko je? Baridi inapunguka, itapona.

Ilikuwa kitu nilitaka kukuambia, lakini mama Bilonda iko ku mulango, anasema kamyo inaondoka. Mara ingine.

Mudogo yako,
Mianda


Nzilo, 9 Septemba 1976

Kwa Mama Mianda, Kapata.

Amani ya Kristo iwe nawe. Ni mimi Kisimba, katekista, ninayeandika kwa niaba ya Baba Mukalay. Tangu mwisho wa Agosti amenikabidhi barua zake zote. Nitakazopokea nitazisoma Jumapili baada ya ibada, mbele yake na wanaohusika. Anasema kusoma kumekwisha nyumbani mwake.

Mama Mbayo amesimama hapa. Ananiomba niandike kwamba blauzi inamtosha. Nimemuuliza kama ana neno lingine. Amesema hapana.

Nilimshauri Baba Mukalay aiandikie Komite kabla ya tarehe 30. Amekataa. Maneno yake ni haya: "Nitasema nini? Kwamba sheria haikunifikia? Ilifika mpaka mlangoni, mke wangu akaichoma. Kosa la mke ni kosa la nyumba, na nyumba yangu siipeleki kuomba huruma mbele ya mizani." Anapiga kasia kwa mkono wa kushoto sasa.

Pamoja na barua hii Mama Bilonda anabeba samaki mmoja mkavu. Ni wa kwanza wa Jumatatu. Baba Mukalay anasema mwambie shakena ale mkia, ndio wenye nguvu za kutembea.

Kisimba


Kapata, 23 Septemba 1976

Kwa Sitwayen Kabeya, sekretere wa Komite,

Mi Mianda, bibi ya Sitwayen Muamba wa bwato namba saba, naandika na mukono yangu na hakuna muntu alinituma. Mulisema muvuvi aonyeshe kama sheria haikumufikia nzima. Yee hawezi kuonyesha, ju hajui. Mi najua. Mulimupa bwana yangu karatasi ya artikli tisa. Bwana yangu alinipa niitie mu Kiswahili. Nilitia nane. Ya sita niliiacha nikiwa naiona na macho. Bwana yangu hakujua, na bibi ya muvuvi hakujua. Barua yangu ya tarehe 11 Julai iko mu Biblia yake, mutume muntu aihesabu.

Hii barua inakuja pamoja na masini. Kilo ni za Muamba, lakini ile uongo ililala mu nyumba mwetu, na masini haiwezi kulala na ile uongo. Motere musimupatie muntu mwingine mbele ya kuhesabu.

Mianda


Kapata, 23 Septemba 1976

Tata Katekista Kisimba,

Kama unashika hii barua siku ya Mungu, mbele ya Tata Mukalay, nakuomba na heshima yote usimame hapa. Usisome zaidi. Umupatie yaya Mbayo karatasi mu mukono yake. Yee njo asome, na sauti, na bote basikie. Akikataa, umungojee. Ana desturi ya kuweka kidole chini ya mustari, usimucheke.

Agnès yangu,

Sasa hivi mutoto aliingia chini ya masini, akakumbatia mguu yake ya chuma na mikono mbili, na hataki itoke. Bale vijana ba pusu-pusu, ile mukokoteni ya kubeba masini ku Serkle, banamungojea, mumoja anamuahidi karanga. Hii mara mutoto alifanya kweli. Nasema vile ju ya ile ingine.

Ile doa, yaya. Karatasi ya pili, chini ya tano. Iweke mbele ya macho kama unayo. Niliandika ni mutoto alipiga kalamu. Mutoto alikuwa amelala ku mukeka, kidole mu kinywa. Nilikuwa nimeanza kuandika sita. Niliandika "Hakuna muntu," maneno mbili, na kalamu ikasimama. Niliona Muamba ku ziwa na kitunga tupu, na niliona masini na maua yake. Nikafikiri, kama Tata Mukalay hajui hii artikli, atamupa Muamba ile ya kwanza, na pengine ya pili na ya tatu, sawa miaka ingine, na mwangalizi atalala na kofia ku uso sawa mwaka jana. Nilifikiri mambo yote itapita mu kificho. Nilisahau kama muntu asiyejua kosa hafichi kitu. Yee aliinyanyua juu.

Nililaza kidole ku wino mubichi, nikavuta. Kidole ile ile nilikufundishaka nayo.

Hakukuwa karatasi ya tatu. Soma tena hapa, yaya, kama sauti imekatika: hakukuwa karatasi ya tatu. Ile rangi unaiona, ile pembe inajikunja mu moto, ni mi nilikutia mu kichwa na kukaa kimya. Hukuruka mustari. Hukuchoma kitu. Ulisoma yote nilikupa, na ulisoma muzuri kunishinda mi niliyeandika.

Barua yako ya moshi nilikuwa nayo chini ya godoro siku makumi tatu. Nilijibu na blauzi. Sijui muntu gani anajibu vile. Kila nilipokanyaga pedale nilisikia "uliruka, uliruka, uliruka." Nilishona kaptula ya mutoto, nikaifumua, nikaishona, nikaifumua. Lakini ile ilinivunja ni samaki. Tata Mukalay, baliniambia unapiga kafi na mukono ya kushoto, na bado uliitenga ya kwanza ukaituma. Mutoto alikula mukia. Alitembea kutoka mulango mpaka ku kisima bila kuanguka, na nikalia mbele ya bamama bote ba mustari ya nyumba zetu. Baliuliza nani amekufa.

Tata, sikuombi unisamehe mbele ya bantu. Unanidai? Hapana, ile si neno. Nilikufanya uitwe mwizi kwa kitu ulifanya na mapendo. Kama unataka jina yako irudi kwako, sema tu, tutamuita mutoto namna ingine, nitakubali. Lakini Yaya Mbayo umurudishie kusoma. Ile haikuwa yako ya kunyanganya, na haikuwa yangu ya kuharibu. Barua zote za kambi asome yee.

Nimeandikia Komite leo, na masini inaenda nayo. Bako na siku saba. Mama Bilonda atapita kwanza ku Serkle, aone na macho yake barua inaingia mu mukono ya Kabeya, kisha aje kwenu.

Muamba sijamuambia. Iko ku kazi mpaka saa nane. Nilitaka masini itoke mbele, ju ikibaki pale nyeusi vile, na maua yake, pengine nitameza maneno tena, najijua. Akirudi nitamuketisha na nitamuambia kama rafiki wake hakutoa kwa kujua, alitoa kwa kudanganywa, na aliyemudanganya anamupikiaka bukari.

Sasa, yaya, weka kidole. Hii njo deni ya wino. Naandika pole pole, sawa mamasere alitufundisha, kila neno na nafasi yake:

Artikli ya sita. Hakuna muntu mu mashindano atakayemupa mwenzake wa bwato samaki, hata moja. Anayetoa anaondolewa miaka mbili. Anayepokea anapoteza ile aliyopewa.

Umesoma? Ni ile tu. Mistari mbili na nusu. Nilikuwa na nafasi yake ku karatasi, ungeiona nafasi, ilikuwa ya kutosha.

Wee ungemusomea, na Tata angekasirika kidogo, angesema hii Komite haina shakena, na angeiweka ile kambale mu kitunga yake na kuja kutupatia nyumbani kisha mizani, na leo motere ingekuwa inapiga kelele ku Nzilo na kufukuza bata ba mayi. Nafikiri ile kelele kila siku. Bado inaweza kupiga. Siku saba ni mingi kama muntu anatembea mbio.

Ingine, blauzi. Kama huwezi kuivaa sasa, usiichome, mupatie muntu. Lakini kama siku moja utaweza

Njo Muamba. Balimaliza kazi mbele ya saa, nasikia sauti yake ku barabara: "Mianda! Ee Mianda! Nani anabeba masini yetu?" Amekamata pusu-pusu na mukono, vijana banageuka kuniangalia. Mama Bilonda anasema nimupe barua zote mbili hivi hivi, kamyo haingoji. Nampa. Naenda kumuambia pale barabarani, na mutoto ku kifua yangu, ju yee pia nilimusingizia, na Muamba akiniuliza kwa nini, nitamuambia kwanza kama